Siri ya Dover: Mfalme aliyekuwa na mikataba miwili

Mkataba wa Dover una tarehe mbili. Vitabu vya Waingereza husema ulitiwa saini mnamo Mei 22, 1670. Vya Wafaransa husema ni Juni 1 mwaka uo huo. Hakuna aliyekosea. Uingereza ya wakati ule ilikuwa ingali inafuata kalenda kongwe ya Julius Caesar, ilhali Ufaransa ilikwisha kuhamia kalenda ya Papa Gregory, na baina ya hizo mbili palikuwa na pengo la siku kumi. Mtu angeabiri chombo Calais asubuhi na kuteremka Dover jioni, siku kumi kabla hajaondoka kwake!

Tarehe ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mkataba wenyewe ulikuja kuwa miwili: wa kweli na wa bandia, yote ikiwa na saini za watu wazito. Huo wa bandia ulitiwa saini na mawaziri watano, na watatu kati yao hawakujua kwamba upo mwingine. Visa vya diplomasia ya siri barani Ulaya ni vingi, lakini sijui kinachoonyesha waziwazi kuliko hiki jinsi maneno yanavyoweza kuandikwa ili kuyaficha maneno mengine. Ndiyo maana nimeona kinaufaa ukumbi wa lugha.

Hebu tuanze na wahusika. Charles II wa Uingereza na Louis XIV wa Ufaransa walikuwa jamaa wa damu, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza, ambacho huwarundika binamu wote katika neno moja. Mama yake Charles alikuwa dada ya baba yake Louis. Basi kwa Charles, Louis ni mtoto wa mjomba. Kwa Louis, Charles ni mtoto wa shangazi. Dada mdogo wa Charles, Henrietta Anne, aliolewa mwaka 1661 na Philippe, mdogo wake Louis, akawa shemeji ya mfalme mmoja na dada ya mwingine. Halafu kuna kijana mmoja kule Uholanzi, William wa Orange. Mama yake alikuwa dada mwingine wa Charles, kwa hiyo Charles ni mjomba wake naye ni mpwa. Ukiwa na orodha hii mkononi, mkataba wa Dover unasomeka hivi: mtu anapatana na mtoto wa mjomba wake, kupitia kwa dada aliye pia shemeji, waivamie nchi anakoishi mpwa.

Charles hakuwa mtu wa kuamini mapatano kirahisi. Baba yake alikatwa kichwa mbele ya hadhara mwaka 1649 baada ya kushindwa vita na Bunge. Yeye mwenyewe akala miaka ya uhamishoni, akihama nchi moja hadi nyingine na madeni mgongoni, mpaka aliporejeshwa kwenye kiti mwaka 1660. Alirudi na taji, ila mkoba wa fedha ulibaki kwa Bunge. Kila alipotaka kupigana ilibidi aombe, na kila alipoomba aliulizwa maswali.

Katika miaka minne hivi kabla ya Dover, miungano ya wafalme iligeuka mara nyingi kiasi kwamba mtu aliyelala angeamka hajui adui ni nani. Uingereza ilipoingia vitani na Uholanzi mwaka 1665, Louis alikuwa upande wa Waholanzi, kwa sababu mkataba wa 1662 ulimfunga kuwasaidia, naye akaitangazia Uingereza vita mwaka 1666. Mnamo Juni 1667 Waholanzi waliingia na manowari zao hadi mto Medway, wakachoma meli za Uingereza zilipotia nanga, na wakaikokota kwao ile iliyobeba jina la mfalme mwenyewe, Royal Charles. Aibu hiyo haikusahaulika. Hata hivyo, miezi saba baadaye, Januari 1668, Waingereza na Waholanzi wale wale walifanya muungano, Sweden ikajiunga nao, ili kumzuia Louis asizimeze ardhi za Uhispania katika eneo tunaloliita leo Ubelgiji. Muungano huo ulikuwa na vifungu vya siri vya kumpiga Louis akikaidi. Na Januari iyo hiyo, kule Vienna, wajumbe wa Louis walikuwa wakipatana kwa siri na Kaisari Leopold jinsi ya kugawana himaya ya Uhispania siku mfalme wake mgonjwa atakapokufa. Kwa hiyo tusimwone Charles kuwa peke yake aliyekuwa na droo iliyofungwa. Kila mtu alikuwa nayo.

Kwa nini basi, wino wa muungano na Waholanzi ukiwa haujakauka vizuri, Charles aligeuka na kumtafuta Louis? Fedha ni jibu moja, kisasi cha Medway ni la pili. La tatu ndilo linalowagombanisha wanahistoria hadi leo: dini. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mdogo wake, James, Mkuu wa York, mfalme aliwaita watu wachache faraghani mnamo Januari 25, 1669, akawaeleza huku machozi yakimlengalenga jinsi alivyotaabika kwa kutoweza kuikiri hadharani imani ya Kikatoliki. Wapo wanaoyaamini machozi hayo. Wapo pia wanaosema Charles alijua fika kwamba hakuna bidhaa ambayo Louis angeinunua kwa bei kubwa kuliko roho ya mfalme wa Kiprotestanti. Mimi naelekea upande wa hao wa pili, kwa sababu nitakayoieleza tukifikia vifungu vyenyewe.

Louis naye alituma watu wake. Mmoja alikuwa kasisi Mtaliano, Pregnani, aliyesifika kwa kusoma nyota. Ilidhaniwa kwamba Charles, mpenda mambo ya sayansi na maajabu, angenaswa. Charles akampeleka kwenye mbio za farasi za Newmarket amtabirie washindi. Jamaa akakosea, akakosea, akakosea tena. Ukawa ndio mwisho wa diplomasia ya nyota.

Kazi ya kweli ilifanyika kwa barua. Charles na Henrietta Anne walikuwa wameandikiana kwa miaka mingi, barua za ndugu wanaopendana, na sasa katikati ya salamu na umbea wa ikulu yakaingia maandishi ya mafumbo ambayo asiye na ufunguo hangeweza kuyasoma. Waliojua upande wa Uingereza walihesabika kwa vidole: James, Lord Arundell, Sir Thomas Clifford, Sir Richard Bellings, na Arlington, aliyekuwa waziri wa mfalme kwa cheo ambacho Waingereza hukiita ‘secretary’. Neno hilo lina asili moja na neno la Kilatini la siri. Katika lugha hizo, kwa chimbuko la neno, mwenye cheo hiki ni mtu aliyekabidhiwa siri. Sisi tulipotafuta neno lake tukachukua ‘katibu’, kutoka mzizi wa Kiarabu uliotupa pia ‘kitabu’ na ‘mkataba’, na kwetu akawa mtu wa kuandika. Arlington alikuwa yote mawili kwa pamoja, na ndipo tabu yake ilipoanzia.

Louis alikuwa na mwakilishi wake London, Colbert de Croissy, ndugu wa yule waziri maarufu wa fedha. Cha ajabu ni kwamba balozi huyu alikaa miezi mingi akidhani anajadiliana kuhusu mambo ya biashara na uhusiano wa kawaida. Hakuambiwa undani hadi mwishoni mwa 1669. Balozi kutojua kinachofanywa na bwana wake lilikuwa jambo la kawaida zama zile. Na kwa kuwa neno lenyewe limejitokeza: wachunguzi wa asili za maneno huliunganisha ‘balozi’ letu na ‘balyoz’ la Kituruki, ambalo nalo lilitokana na ‘bailo’, cheo cha mwakilishi wa jamhuri ya Venice katika jiji la Constantinople. Kila tunapomtaja balozi katika Kiswahili, tunatamka, bila kujua, neno lililozaliwa katika zile zile karne za wajumbe na mafumbo, likasafiri na wafanyabiashara na mabaharia mpaka likatufikia pwani.

Mwezi Mei 1670 Louis alifunga safari na makazi yake yote ya kifalme kwenda kukagua miji aliyoiteka Flanders. Msafara ulikuwa mkubwa, wa fahari, na ndio uliokuwa pazia. Kutoka humo Henrietta Anne alivuka bahari kutoka Dunkirk hadi Dover, eti kumtembelea kaka yake. Mumewe, mtu mwenye wivu, alimpa siku tatu tu; ilibidi abembelezwe aziongeze. Kina dada na kaka wakasherehekea. Na siku moja katikati ya sherehe, watu watano wakaketi wakatia saini: Colbert de Croissy kwa niaba ya Ufaransa, na Arlington, Arundell, Clifford na Bellings kwa niaba ya Uingereza.

Yaliyoandikwa, kwa Kifaransa, ni haya kwa ufupi. Charles, aliyekwisha kuamini ukweli wa dini ya Kikatoliki, ataitangaza imani yake hadharani. Louis atampa livre milioni mbili, kiasi cha pauni 150,000 hivi, na askari 6,000 iwapo raia wataasi. Kisha wafalme wawili wataishambulia Uholanzi: Ufaransa itabeba vita vya nchi kavu, Uingereza itatoa meli 50 na kuongoza vita vya baharini, na Louis atalipa livre milioni tatu kila mwaka vita vikiendelea. Uingereza itapata kisiwa cha Walcheren, mji wa Sluys na kisiwa cha Cadzand. Mpwa naye hakusahauliwa. Palikuwa na maneno ya kulinda maslahi yake.

Sasa, msomaji, rudi kwenye kile kifungu cha dini, maana ndicho kiini. Charles aliahidi kutangaza. Lini? Mkataba haukutaja siku wala mwaka. Ulisema atatangaza pale hali ya ufalme wake itakaporuhusu, na mwenye kuamua kama inaruhusu ni yeye mwenyewe. Mwanafunzi wa lugha anaiona mara moja kazi ya kishazi hicho. Kitenzi kikuu ni cha ahadi, kina nguvu ya kiapo. Lakini kimefungiwa kishazi cha wakati ambacho hakina wakati ndani yake. Ni sawa na mdeni anayeandika kwamba atalipa siku atakapojisikia analo la kulipa. Hata hivyo fedha, askari, meli na visiwa vyote vilitajwa kwa tarakimu. Mtu mwenye haja ya kuungama aliyoielezea kwa machozi hangeliacha jambo hilo moja tu bila tarehe. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuyatilia shaka machozi.

Lakini upo upande wa pili wa kishazi hicho, na nadhani Charles hakuupima vya kutosha. Ahadi isiyo na tarehe haiishi. Kuanzia siku ile Louis alikuwa na karatasi ambayo, ikionekana London, ingeweza kumgharimu binamu yake kiti, na pengine yaliyompata baba yake. Hakuhitaji kumtisha. Ilitosha kwamba wote wawili wanajua ipo.

Henrietta Anne alirudi Ufaransa. Mnamo Juni 30, kwa kalenda ya huko, alifariki ghafla Saint-Cloud akiwa na miaka 26. Watu wakasema amelishwa sumu na walio karibu na mumewe. Waganga waliopasua maiti hawakuafiki. Uvumi ulimchoma Charles, lakini hakuuvunja mkataba.

Sasa likaja tatizo la kiutendaji. Vita haviwezi kupiganwa na watu sita wanaojua. Mawaziri wengine lazima wahusishwe, nao walikuwa Waprotestanti. Hasa Buckingham, mtu mwenye majivuno na mdomo, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipigia debe urafiki na Ufaransa. Basi wakamwachia apatane! Akatumwa Ufaransa, akapokewa kwa karamu na zawadi, akajadiliana kwa bidii kuhusu mkataba ambao ulikwisha kutiwa saini. Wafaransa walimpinga hapa, wakamkubalia pale, kama waigizaji wanaojua mwisho wa mchezo. Buckingham akarudi akidhani amefanya kazi kubwa.

Desemba 21, 1670, kwa kalenda ya Uingereza, matunda ya kazi yake yalitiwa saini na mawaziri watano. Kifungu cha dini hakikuwemo. Zile livre milioni mbili za kuungama zikaingizwa kimyakimya katika malipo ya vita ya mwaka wa kwanza, hivyo fedha za imani zikalipwa kwa jina la baruti. Arlington na Clifford walitia saini wakijua. Buckingham, Ashley na Lauderdale walitia saini wakiamini.

Chukua herufi za kwanza za majina yao: Clifford, Arlington, Buckingham, Ashley, Lauderdale. Utapata CABAL, neno la Kiingereza la kikundi kinachokula njama. Wengi hudhani neno hilo liliundwa kutokana na majina haya. Sivyo, lilikuwepo kabla yao, limepitia Kifaransa kutoka neno la Kiebrania Kabbalah, elimu ya Kiyahudi ya mambo yaliyositirika inayopokezanwa kizazi hadi kizazi. Mzizi wake una maana ya kupokea, nao ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa sisi ‘kubali’. Kwa hiyo ‘cabal’ na ‘kubali’ ni binamu wa mbali. Na walioisoma sahihi ya Buckingham wanaweza kusema alikuwa cabal kwa upande mmoja na alikubali kwa upande mwingine, asijue alichokubali.

Hesabu ya mwisho ilikuwa mbaya. Januari 1672 hazina ya mfalme ilisimamisha malipo kwa waliomkopesha. Machi mwaka uo huo Charles alitoa tangazo la kuwalegezea Wakatoliki na Waprotestanti waliojitenga na kanisa la serikali, na siku mbili baadaye akaitangazia Uholanzi vita. Louis aliingia na majeshi yake mengi. Waholanzi wakafungua mabwawa na kuifurikisha nchi yao ili kumzuia. Johan de Witt, kiongozi wao aliyeutegemea ule muungano wa 1668, aliuawa pamoja na kaka yake na umati wenye hasira mjini The Hague, Agosti 20. Walioua walitafuta msaliti nyumbani. Na aliyepanda kutoka kwenye magofu hayo ni yule mpwa, William wa Orange, ambaye angekuwa adui mkubwa wa Louis kwa maisha yake yote.

William alijua kutumia kalamu pia. Mwaka 1673 kijitabu kilichotungwa kwa ajili yake kilisambazwa Uingereza, kikikata rufaa kutoka kwa hiyo ‘cabal’ ya ikulu hadi kwa baraza kuu la taifa, yaani Bunge. Mwandishi hakuwa ameuona mkataba. Alisoma vitendo tu: vita pamoja na Wafaransa, tangazo la dini, hazina kufungwa, akaviunga pamoja na kuupata mshono. Bunge likamlazimisha mfalme afute tangazo lake, likapitisha sheria ya kuwataka wenye vyeo waape kuikataa imani ya Kikatoliki kuhusu sakramenti. James akajiuzulu kwenye uongozi wa jeshi la majini, Clifford akaacha hazina. Siri ya mfalme haikufichuka, lakini sheria hiyo iliwafichua wawili wa walioishika.

Januari 1674 Charles alisimama mbele ya Bunge akakana kuwepo kwa mapatano yoyote ya siri na Ufaransa, na akajitolea kuonyesha mkataba aliokuwa nao. Tazama ufundi wake: upo mkataba wa kuonyeshwa, una saini za kweli, na hauna neno hata moja la dini. Waliokuwepo walisema alibabaika aliposoma mahali hapo. Mwezi uliofuata Uingereza ikafanya amani na Uholanzi, ikimwacha Louis aendelee peke yake. Visiwa vilivyoahidiwa haikuvipata hata kimoja.

Charles aliungama kweli, lakini kitandani, saa za mwisho za uhai wake, Februari 1685. Kasisi John Huddleston alipitishwa kwa mlango wa siri akampokea katika Kanisa Katoliki, miaka karibu kumi na mitano baada ya Dover. Nakala ya mkataba ilibaki kwenye makaratasi ya ukoo wa Clifford, ikalala huko mpaka mwanahistoria John Lingard, ambaye naye alikuwa kasisi wa Kikatoliki, alipoichapisha mwaka 1830. Buckingham alikuwa amekufa miaka zaidi ya 140.